Mwanga wa Ukutani

Jirani yao, mama muuza mkaa, anashikilia kwamba marehemu aliinuka mwenyewe. Anasema walinzi wa ghala walipomaliza kumpiga walikwenda kunawa, na kijana akasimama, akakung'uta suruali, akavuka barabara kwenda studio ya dada yake.

"Hata salamu yangu aliitikia," anasema, "ingawa taya lilikuwa halimtii."

Dada alikuwa ameshasafisha filamu ya kipigo hicho. Hakuwa na kipimo cha mwanga, alisoma vivuli tu. Kivuli kikiwa na ukingo mkali, hubana tundu la lenzi, kikififia, hulipanua.

"Imetoka?" marehemu akauliza, akikaa kwenye benchi la wateja.

"Imeungua. Nilisoma kivuli cha barazani, niliposimama mimi. Nyie mlikuwa juani, kwenye ukuta wa chokaa. Nyuso zao zote nyeupe pe."

"Dada nawe! Mbavu zote hizi bure?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Mnyapara wao anasema nilianguka kwenye ngazi. Kesho narudi palepale. Safari hii soma ukutani."

Kesho yake, jua la utosini, akarudi. Walinzi wakanung'unika, maana walishaosha marungu.

"Wewe si tulikumaliza jana?"

"Mlinimaliza."

Wakaanza upya. Meno yakaruka, damu ikatapakaa kwenye chokaa. Dada akatazama kivuli cha rungu ukutani: kimekatika kama kwa wembe. Akabana tundu. Rungu liliposhuka shingoni, akabonyeza.

Picha ikatoka safi. Kila uso ulionekana; mnyapara alikuwa ameuma ulimi kwa bidii, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Kwenye kituo cha polisi, mkuu wa zamu aliishika kwa pembe asiichafue.

"Kazi nzuri, dada. Ila hii ni ya leo, na huyu alikufa jana. Aliyekufa jana hauawi leo."

Mnyapara, aliyekuwa pale akinywa chai, akaivuta aitazame.

"Ndiyo mimi kabisa! Dada mpiga picha, nitolee moja kubwa nitundike sebuleni."

Nje, marehemu alikuwa ameegemea nguzo, kichwa kimelalia bega.

"Wamekataa?"

"Wamekataa."

"Basi nizike, dada. Nimechoka."

Dada alikuwa ameinama, anatia filamu mpya ya kesho.