Walezi Waliooshwa Mno

Maji ndani ya kichupa yalikuwa maangavu kiasi kwamba Sabuni aliweza kusoma saa yake ya mkononi kupitia humo. Ukoo mzima ulimwita Sabuni, maana tangu utotoni hakuweza kuona doa akanyamaza. Sasa alikuwa fundi wa maabara, na ndani ya kichupa kile mlikuwa na nusu ya uvimbe uliotolewa kwenye figo la dada yake, ukasagwa na kuchujwa mpaka zikabaki protini ziitwazo walezi.

Ndani ya seli, walezi huzishika protini nyingine ili zikae sawa. Katika seli ya saratani hushika pia vipande vya ugonjwa wenyewe. Ukiwatoa na kumdunga nao mgonjwa, seli zake za kinga huona walichobeba, zikamjua adui aliyekuwa akiishi nazo nyumba moja. Hayo ndiyo matumaini pekee aliyokuwa amebakiwa nayo Dada.

Sabuni akawaosha walezi hao, akawaosha tena kwa dawa kali ya mwisho, na roho yake ikasuuzika. Alipowachanganya na seli za kinga za Dada, seli zikalala fofofo.

Mkuu wa maabara, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliinua jicho kutoka kwenye hadubini.

"Dawa hii huwafanya waachie walichoshika. Umewaleta mikono mitupu."

"Lakini ni safi."

"Safi mno, mwanangu. Imebaki ile nusu nyingine. Ikiharibika, hatuna pa kuchukua."

Mchana, kwenye benchi la ukumbini, jua likimpiga usoni, usingizi ulimwiba Sabuni. Aliona wanawake wakipita kichochoro kirefu, kila mmoja amekumbatia furushi la matambara machafu. Yeye alikaa langoni na beseni, akiwapokonya mafurushi ayafue. Hawakumgombeza. Walipita tu, mikono ikining'inia, na walinzi wa ndani hawakuinua hata vichwa. Mmoja alitembea kwa mwendo wa Dada. Sabuni aliamka, akarudi maabara.

Nusu ya pili ilipokuwa tayari, maji yalibaki na ukungu. Mikono ilimwasha kufikia chupa ya dawa kali, hata akaikalia mikono hiyo kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Hawakutoa hata tone la kupima kwenye seli za kinga, maana walezi waliobaki walikuwa haba.

Muuguzi alipoandaa sindano, Dada alikunja mkono wa gauni alilolishona mwenyewe.

"Sabuni, umeniosha vizuri?"

"Sikuosha vizuri, Dada."

"Makubwa. Basi leo mvua itanyesha."

Mvua haikunyesha. Siku zilipita taratibu, Sabuni akila bila kujua anakula nini.

Alasiri moja alimkuta Dada ameinamia cherehani, uso umekunjamana.

"Hapa mliponidunga panawasha mpaka nashindwa kushona. Hebu nipoze na maji."

Sabuni alichovya kitambaa, akakaribia. Begani palikuwa pekundu, pamevimba kama kifungo cha koti. Aliweka kiganja. Palikuwa pa moto, kama mlango wa chumba chenye watu wengi.

"Mbona unalia, na bega ni langu?"

"Acha pawashe kidogo, Dada. Walinzi wako wameamka," alisema. Kitambaa kilichuruzika maji sakafuni, na hakuyafuta.