Mrija wa Herufi D

Mdogo wangu ndiye mkuu wa maabara yetu, na mimi niliyembeba mgongoni hadi anaanza shule ndiye fundi wake. Mbele za watu namwita Daktari. Tukibaki wawili namwita nitakavyo, na wiki ile nilikuwa namwita kichwa ngumu.

Sisi tunatafuta dawa za saratani zinazojipenyeza kwenye DNA, zile nyuzi mbili zilizosokotana ndani ya seli, na kuzibana zisiachane. Zisipoachana, seli ya saratani haiwezi kuzaa nyingine. Tulikuwa tumebakiwa na dawa mbili. Namba Saba aliibuni mdogo wangu mwenyewe. Kumi na Tisa ilikuwa ya mtafiti mmoja binti tuliyembandika jina la Kimya, maana ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Ijumaa asubuhi Mkurugenzi angekuja kuchagua moja ikajaribiwe kwa panya. Nyingine ingemwagwa kwenye sinki, na kama ni ya Kimya, basi miaka yake mitatu ingekwenda nayo.

Kipimo chetu ni rahisi. Unatia rangi inayong'aa kwenye DNA. Dawa ikishika, inaisukuma rangi nje na mwanga unafifia. Kwa Namba Saba mwanga ulikuwa unafifia mpaka Daktari anajipigia makofi. Tatizo ni kwamba Saba yenyewe ni ya kahawia, nzito, inameza mwanga hata kama haijashika kitu. Ni kama kufunika taa kwa blanketi halafu useme umeme umekatika. Nilimwambia mara tatu. Ya tatu akanijibu, "Dada, kazi yako ni kuosha mirija."

Kuosha mirija? Mimi? Haya bwana.

Utaratibu wetu ni kwamba mwenye dawa haruhusiwi kujua mrija wake ni upi. Mimi nabandika herufi, siri naifungia kwenye bahasha. Ijumaa nikaandaa A ya maji matupu, B ya Saba, C ya Kumi na Tisa. Halafu nikachukua chai yangu ya asubuhi, isiyo na maziwa, iliyokaa mpaka ikawa nyeusi tii. Nikaichuja vizuri, nikaitia kwenye D, kisha mirija yote minne nikaitia DNA na rangi.

"Si mirija mitatu?" Daktari akauliza.

"Nimeongeza mmoja wa kulinganishia," nikasema, na wala sikudanganya.

Mkurugenzi, mama mmoja asiyechekacheka ovyo, akavuta kiti mbele ya mashine. Namba zikatoka. A iling'aa kama kawaida. C ilififia nusu. B ikafifia zaidi, na D karibu izime kabisa.

Daktari akaruka. "D! Hiyo ndiyo Saba yangu! Imeikaba DNA koo!"

"Una hakika?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Hakika? Mimi ndiye niliyeizaa!"

Kimya alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjakunja pindo la koti lake. Nikampa Mkurugenzi bahasha. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"D ni chai," akasema.

Loo! Kimya, ambaye sijawahi kumsikia akicheka, alicheka mpaka akashika meza. Mdogo wangu alinigeukia mdomo wazi. Nilifurahi, nisiseme uongo, na papo hapo nikamwonea huruma.

"Chai inashika DNA?" akaniuliza taratibu.

"Haishiki chochote. Inakula mwanga tu. Sasa zipashe moto zote nne uone."

Ukiichemsha DNA, nyuzi zake huachana, na dawa iliyoshika kweli huchelewesha. Tukasubiri nusu saa. Maji, nyuzi ziliachana kwenye nyuzijoto sabini. Chai, sabini. Saba, sabini. Ya Kimya ilishikilia mpaka themanini na moja. Daktari akaomba kalamu, akaweka sahihi kwenye karatasi ya kuipitisha Kumi na Tisa, akatoka bila kuniangalia.

Jioni nilikuwa jikoni kwa mama, simu yake ikalia. Mikono yake ilikuwa na unga, akaniambia nimwekee spika.

"Mama, dada kaniaibisha mbele ya Mkurugenzi!"

Mtu mzima, mvi kichwani, anashitaki kwa mama! Nilijiziba mdomo nisicheke.

"Dawa ya huyo binti inashika kweli?" mama akauliza.

"Inashika."

"Sasa wewe unalia nini?"

Hapo ndipo nikasikia kwamba kweli alikuwa analia.

"Miaka tisa ya maabara ile, mama," akasema. "Miaka tisa hakuna kilichokuwa kinashika."

Mama akanitazama. Nikavaa viatu nikaenda kwa mdogo wangu.