Sauti ya Nne Chini ya Kiti

Mama alisema Papa amejitoa ndani ya wimbo.

Mama alikuwa ameketi garini, kwenye kiti cha abiria, mlango wazi, miguu nje juu ya mawe meusi ya kiwanja chetu. Kwaya ya kanisa ilikuwa inaimba wimbo wa Pasaka katika spika ndogo za milangoni.

"Nasikia Julienne wa sauti ya kwanza," alisema. "Nasikia wale mabinti wa sauti ya pili. Nasikia hata mutoto wa muchungaji analia kule nyuma. Yeye hapana. Munezero, baba yako ameondoka na sauti yake."

Munezero ni mimi. Nilisimama kando ya gari nikifuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari. Hata mimi sikuwa nimemsikia.

Papa, Nsengimana, aliimba sauti ya nne katika kwaya yetu ya Keshero tangu kabla sijazaliwa. Sauti ya nne ni ile ya chini kabisa, ambayo watu hawaitambui mpaka ikosekane. Zamani alikuwa na wenzake, kisha vita vikawatawanya, akabaki peke yake. Wimbo ule mtu aliurekodi kwa simu siku ya Pasaka ya mwaka jana, na kabla mvua za msimu ule hazijaisha tukamzika Papa. Hatuna rekodi nyingine.

Kama ingekuwa huzuni tu, tungeivumilia. Lakini kati ya Pasaka na kifo chake, Papa alikuwa hasemi na Mama. Alirudi kutoka kazini, akala kidogo, akakaa kwenye jiwe mbele ya mlango na kunyamaza. Mama alimuuliza amemkosea nini. Alijibu, "Hapana," akageuza uso. Kabla ya hapo walikuwa wamegombana juu ya shamba la Rutshuru. Mama alitaka liuzwe, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeweza tena kwenda kulilima. Papa alisema ardhi ya wazazi wake haiuzwi yeye akiwa hai. Akafa ghafla, akiwa bado amenyamaza. Kwa hiyo Mama alipokosa sauti yake ndani ya wimbo, hakufikiria spika. Alifikiria hasira.

Na Jumamosi ilikuwa inakaribia. Muzee Habarurema, kaka mkubwa wa Papa, alipaswa kuja kutoka Rutshuru na ndugu wengine kuondoa kilio. Siku hiyo mjane hufungua kitambaa cheusi, huoga, huvaa nguo nyeupe, na mbele ya ukoo wa mumewe hutamka kwamba amekubali kilio kiishe. Mama alikuwa amempigia Muzee Habarurema simu na kumwambia asijisumbue.

"Nitakubali nini?" alituambia. "Mutu hakunisemesha. Nitaagana naye namna gani?"

Kaka yangu Landry ndiye anayeendesha gari la Papa sasa. Anabeba abiria kati ya mtaa wa Himbi na katikati ya Goma, na anajua kila mlio wa gari lile.

"Mama, ni spika," alisema. "Zimepasuka. Hazina nguvu ya kufika chini. Basse yote zinaiangusha."

"Zinapitisha kwaya nzima, zinakataa bwana yangu peke yake?"

Landry alikuna kichwa. Mimi nilikwenda kuazima visikilizio vya masikio kwa jirani yetu Vanessa. Mama aliviweka, akavitoa kabla ubeti haujaisha.

"Sauti inatoka ndani ya kichwa yangu," alisema. "Hiyo siyo mutu, ni wazimu."

"Bon, tutaweka sabufa, spika ya basse," Landry akasema, na nikaona macho yake yanang'aa. Alikuwa anaitamani tangu zamani, kwa ajili ya abiria vijana. Lakini alitamani kumsikia Papa pia, hilo nalijua.

Bulonza anauza na kufunga redio za magari katika duka jembamba la Birere. Tulipofika alikuwa anapiga muziki wa kucheza, hadi vifuniko vya chupa vilivyokuwa mezani vikawa vinatembea vyenyewe.

"Patron!" alimwita Landry. "Hii gari yako ni kama kiatu. Lakini nitaifanya iseme. Weka hii kule nyuma." Alilipiga kofi sanduku kubwa lililovishwa zulia jeusi, lenye tundu pembeni. "Ukipita Himbi, batu ba Gisenyi, ngambo ya mupaka, banatoka kuchungulia."

"Na mizigo ya bateja?"

"Batabeba kwa magoti. Kwa muziki kama hii, mutu atakubali hata kubeba mbuzi."

Landry alicheka. Mimi nilikuwa nimeshika simu yenye wimbo, nimeibana kifuani. Mbele ya watu nisiowajua maneno yangu hukauka. Nilimvuta Landry mkono wa shati.

"Wimbo," nilisema.

Bulonza aliunganisha sanduku na simu. Ngoma ya kanisa ikaanguka juu yetu kama mtu anayeangusha magunia ya makaa kutoka juu ya lori. Chini ya ngoma palikuwa na mvumo mmoja mzito. Maneno ya wimbo yalibadilika, mvumo haukubadilika.

"Sikia basse!" Landry alipiga kelele. "Njo yeye!"

"Siyo yeye," nilisema.

"Nini?"

"Siyo yeye. Papa alikuwa anapanda na kushuka. Hii inasimama fasi moja."

"Weye unajua nini ya sabufa?"

"Sijue sabufa. Najua Papa."

Yalitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Bulonza alizima kila kitu, akatuangalia.

"Papa gani?"

Landry aliinamisha kichwa. Ikabidi niseme mimi.

"Papa yetu amekufa. Anaimba humu ndani, sauti ya nne. Mama hamusikie, anawaza amemukasirikia. Tunatafuta kitu yenye itafanya amusikie mbele ya Jumamosi."

Nje pikipiki zilikuwa zinapigiana honi. Bulonza alijifuta mikono kwenye suruali, taratibu, kama mtu aliyeitwa kusali.

"Mungesema toka mwanzo," alisema. "Nilifikiri munatafuta makelele." Alilisukuma sanduku kando kwa mguu. "Hii iko na tundu, na tundu inavuma sauti yake yenyewe, wimbo yoyote ikipita. Kwa kucheza ni muzuri. Muzee wenu itamumeza."

Alitoka hadi kwenye gari na kupiga magoti. Usukani wetu uko kulia, kama magari mengi yanayofika Goma, kwa hiyo kiti cha Mama kiko kushoto. Bulonza alipitisha mkono chini ya kiti kile, akapima kwa kiganja nafasi kati ya zulia na vyuma. Alirudi na sabufa bapa, iliyofungwa pande zote. Aliisukuma ndani, ikaingia, lakini kiti kilipovutwa nyuma kikagoma.

"Mama yenu ni murefu?"

"Sana," nilisema.

"Basi hapana. Atakaa amekunja miguu, atachukia hata wimbo."

Akaleta nyingine, nyembamba zaidi, ya chuma, mfano wa sinia ya kupelekea chai. Landry aliigeuza mikononi.

"Hii sahani? Itapiga nini hii?"

"Haitapiga. Abiria yako hata mumoja hatatingishika. Chagua, patron. Vijana ba Himbi ao mama yako."

Landry alilitazama sanduku kubwa. Alilitazama muda mrefu, nikaona aibu kumwangalia. Kisha akasema, "Funga hiyo."

Bulonza alifunga nyaya kutoka kwenye betri hadi chini ya kiti. Nilikaa mahali pa Mama, Landry kwenye usukani. Wimbo ukaanza. Ngoma ilikuja, safari hii ndogo na safi, inaanza na kuisha. Papa hakuja.

Nilifikiri: labda Mama anasema kweli.

"Ngoja," alisema Bulonza, akiwa amepiga magoti mlangoni, mkono wake umezama chini yangu. "Kuna kifungo hapa, nimekiacha chini sana. Inakamata ngoma tu. Sauti ya mutu iko juu ya ngoma kidogo. Mimi simujue muzee. Weye utaniambia akifika."

Alizungusha.

"Bado," nilisema.

Akazungusha tena.

"Bado. Kuna mutu, lakini iko mbali."

"Na sasa?"

Kwanza nilimhisi mgongoni, kupitia kitambaa cha kiti. Kisha masikioni. Alikuwa anashuka polepole chini ya sauti za wanawake, mzito, bila haraka, kama alivyoshuka kila Jumapili nilipokuwa mdogo na kulala kwenye mapaja ya Mama kanisani.

"Hapo," nilisema. "Usiguse tena."

Landry alikuwa ameondoa mikono kwenye usukani na kuiweka magotini.

Nyumbani, Mama alikataa kuingia garini. Alisimama mbali, mikono imefungwa, kitambaa cheusi kichwani.

"Mumeweka nini chini ya kiti?"

"Sabufa, Mama," Landry alisema.

"Siku hizi mashini inatengeneza sauti ya mutu yeyote. Musinitengenezee bwana."

"Haitengeneze kitu," nilimwambia. "Ni wimbo ile ile, ya simu ile ile. Zile spika za mulango zilikuwa zinamuangusha, hii inamuokota. Nilimusikia, Mama. Ukikuta siyo yeye, Landry ataitoa leo."

"Nitaitoa," Landry alisema. "Na Bulonza atanicheka."

Mama aliingia. Alikaa wima kama anayengoja daktari. Nilichuchumaa karibu na mlango, Landry akabonyeza simu.

Papa alipoingia katika ubeti wa kwanza, Mama alishika kiti kwa mikono miwili. Hakulia. Alitega sikio kama mtu anayesikiliza nyayo nje ya nyumba. Wimbo ule una mahali pa mwisho ambapo kwaya yote inashika sauti moja kwa muda mrefu. Walipofika pale, niliona uso wa Mama umebadilika.

"Rudisha," alisema.

Landry alirudisha.

"Rudisha tena. Pale pa mwisho." Alisikiliza kinywa wazi. "Anakata. Munasikia? Anakata."

Tulisikiliza. Kweli, wanawake walishika ile sauti bila kutikisika, lakini chini yao sauti ya nne ilikuwa inatoweka, inarudi, inatoweka tena. Dukani nilikuwa nimefurahi mno kumpata hata sikugundua.

"Nsengimana alikuwa hakate," Mama alisema. "Alikuwa anapita kwaya yote. Wengine banachoka, banapumua, yeye anaendelea. Tulikuwa tunamucheka, tunasema ameficha mapafu ya ng'ombe. Hapa anakata kila fasi. Alikuwa hana pumzi."

Mama aliendelea, polepole, akiongea na kioo cha mbele.

"Ile jiwe mbele ya mulango. Nilisema anakaa pale sababu hataki kuingia nyumbani na miye. Alikuwa anapumzika. Anatoka tu kwa barabara, amechoka, hawezi kufika ndani. Namuuliza jambo refu, ananijibu 'hapana'. Ni neno moja njo alikuwa nayo." Aligusa koo lake. "Anageuza uso ili nisione namna anapumua. Na ile pumzi kidogo yenye ilibaki, alipeleka kwaya."

"Hata miye ningetaka anipe kidogo," alisema Landry. "Alinipa gari tu, na yenyewe haina pumzi."

Mama alitoa sauti iliyoanza kama kicheko. Haikumalizika kama kicheko. Alijifunika uso kwa kitambaa na kulia, kilio ambacho sikukisikia siku ya mazishi, wakati alipokaa macho makavu na wanawake wakanong'ona. Nilitaka kumshika. Nikaogopa, kisha nikamshika mguu tu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Baadaye alijifuta.

"Angeniambia," alisema. "Hasira nilikuwa ninajua kuibeba. Hii ingine sijue." Halafu akamgeukia Landry. "Pigia Muzee Habarurema. Mwambie aje Jumamosi. Mwambie nitasema nimekubali, lakini kwanza nitabasimulia ile shamba ilikuwa siyo sababu. Bote basikie, hata bale banawaza ni miye nilimuua na maneno."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mufunge mulango. Muniache naye."

Nilifunga mlango, Landry akazunguka na kufunga wa kwake. Wimbo ulianza upya mle ndani. Tulisimama kando, mimi nimeegemea gari, yeye na simu yake nyingine sikioni. Jambo moja hatukulitegemea. Nje, Julienne hakusikika, wala mabinti wa sauti ya pili, wala mtoto aliyelia. Vioo viliwazuia wote. Kilichopita katika bati la mlango na kufika kwenye mgongo wangu kilikuwa sauti ya nne peke yake.

Landry alikuwa bado anangoja Muzee Habarurema apokee. Papa aliimba, akakata, akapumzika, akarudi.