Jibu la Waziri Kuhusu Bafu la Dympna

Nilimfanyia kazi Malachy Dineen miaka kumi na mmoja. Siku niliyomheshimu kuliko zote ilikuwa Jumamosi moja ya Februari, mvua ya manyunyu, tumesimama mlangoni kwa Dympna Lucey, nyumba namba tisa, Glenduff Park.

Malachy alikuwa mbunge wetu wa kujitegemea, asiye na chama, huku Cork mashariki. Kabla ya siasa alikuwa daktari wa mifugo, mtu ambaye mkono wake umeingia hadi kwapani ndani ya ng'ombe wasiohesabika. Mimi, Noreen Twomey, nilikuwa katibu wake. Dympna alikuwa na miaka sabini na mmoja, mpishi mstaafu wa hospitali, mjane.

"Karibuni, msivue viatu," alisema. "Hapa kwangu siku hizi viatu havivuliwi."

Harufu ilitupokea kabla yake. Haikuwa harufu ya kupita puani tu. Ilikaa kwenye ulimi. Alikuwa amepanga mbao kutoka sebuleni hadi bafuni, tukapita juu yake mmoja mmoja. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa chini kabisa mtaani, na kila bahari ilipojaa kwa bamvua, maji ya chumvi yalirudi juu kwenye bomba bovu na kuyasukuma machafu ya nyumba sitini yatokeze kwenye tundu la bafu lake. Siku ile yalikuwa yamefika kifundoni. Karatasi zilikuwa zinaelea, na vinyesi.

"Tazama vizuri, Malachy," alisema Dympna akinyoosha kidole. "Hayo si yangu. Mimi naishi peke yangu, na mahindi siyali."

Hakuna aliyecheka. Kisha akatuketisha jikoni, akatumiminia chai, akatuwekea skonzi na siagi. Aliwahi kupikia wagonjwa mia tatu kwa siku, asingekubali mgeni aondoke mikono mitupu. Malachy alikunywa kikombe chote na kula nusu ya skonzi. Tulipotoka, aliinama kando ya gurudumu la gari akatapika kila kitu.

Dympna alikuwa anatuangalia dirishani. Alifungua kidogo akasema, "Usione haya. Mimi nilitapika mwezi mzima wa kwanza. Sasa nimezoea. Hilo la kuzoea ndilo linalonitia kinyaa kuliko hayo ya bafuni."

Ndani ya gari Malachy alijifuta mdomo. "Noreen, toa kalamu."

Tukaandika swali. Kumuuliza Waziri kama anajua hali ya maji taka katika Glenduff Park, na lini itatengenezwa. Jibu lilirudi baada ya wiki moja: Waziri hana jukumu la utekelezaji katika suala hili, ambalo ni la kampuni ya maji, Waziri anaelewa kwamba suala hili linazingatiwa kwa mujibu wa vipaumbele. Tukaiandikia kampuni ya maji. Ikajibu kwamba mtaa ule haujakabidhiwa kwake, iulizwe halmashauri ya kaunti. Halmashauri ikasema inasubiri mwongozo wa Waziri. Tukamrudia Waziri. Waziri hana jukumu la utekelezaji.

Katika miezi kumi na minne tuliuliza maswali kumi na tisa. Nilijifunza kuyakunja kama mama anavyokunja nguo, kwa pembe hii na kwa pembe ile, ili ofisi ya Bunge isiseme limeshaulizwa. Malachy aliyasoma yote kabla hayajatoka. Mara nyingine aliongeza neno la hasira na mimi nikalifuta.

Halafu siku moja, nikipekua kumbukumbu za Bunge, nikakutana na Glenduff Park tena. Mbunge aliyemtangulia Malachy, marehemu sasa, aliuliza swali lile lile miaka kumi na miwili nyuma, na akapewa jibu lile lile. Si maana ile ile. Maneno yale yale, nukta kwa nukta, hadi kosa la kuandika "Glendruff". Mawaziri watatu walikuwa wamepita hapo katikati, na wote walikuwa wamekosea herufi moja.

Nilimpelekea Malachy karatasi zote mbili. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Hawakusoma," alisema. "Hawakusoma hata swali, Noreen. Bibi wa watu anaoga kwenye karo la jikoni, na hawa wanachota jibu kwenye mtungi."

Tukaomba swali la mdomo. Alipopewa zamu, Malachy aliuliza kwa sentensi moja akakaa. Waziri akasimama, akafungua jalada lake, akaanza kusoma. Na Malachy, ameketi, ameshika karatasi ya miaka kumi na miwili iliyopita, akaanza kusoma naye kwa sauti. Waziri hana jukumu la utekelezaji. Wakaenda pamoja neno kwa neno, kama watu wawili wanaosali rozari. Waziri aliharakisha, Malachy naye akaharakisha. Waziri alisita, Malachy akamsubiri. Walipofika "Glendruff" Bunge zima lilikuwa linacheka, na Spika anagonga kengele mpaka mkono umechoka.

Nchi nzima iliiona video ile. Dympna alinipigia simu. "Mwambie nimemwona," alisema. "Mwambie bafu bado limejaa, lakini leo nimecheka."

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa bado na kazi yangu.

Mwezi wa sita serikali ilipoteza wabunge wawili na ikahitaji kura za wasio na chama. Malachy aliitwa, akarudi ofisini uso umemwiva kama bwana harusi. Alikuwa amepewa unaibu waziri. Wizara ni ile ile tuliyoipigia kelele.

"Nje nimepiga mayowe mwaka mzima," aliniambia. "Ndani nitashika usukani. Unaniamini?"

Nilimwamini. Dympna alimwamini pia. Alituma kwa basi keki ya zabibu iliyofungwa kwa taulo safi. Tukahamia Dublin, ofisi yenye zulia. Nilimkumbusha Glenduff wiki ya kwanza, akasema tuwape watumishi muda. Wiki ya tano alisema kuna utaratibu. Wiki ya tisa aliniuliza, kwa upole kabisa, kama ninaweza kuacha kumletea mambo ya jimbo asubuhi.

Oktoba mbunge mpya wa upinzani, Orlaith Crotty, binti wa miaka thelathini hivi kutoka Cork mjini, aliwasilisha swali kuhusu mtaa wa Glenduff Park. Waziri alikuwa safarini, naibu ndiye wa kujibu. Jalada lilishuka kutoka kwa watumishi wa wizara Jumanne mchana. Nilifungua nikiwa nimesimama. Waziri hana jukumu la utekelezaji. Kosa la herufi walikuwa wamelirekebisha. Hicho tu.

Niliingia kwake bila kugonga, nikaliweka mezani. Alisoma. Nilimtazama akisoma, nikasubiri ile hasira niliyoijua.

"Ni jibu la wizara," alisema hatimaye.

"Ni lile lile, Malachy. Lile ulilolisoma kwa kejeli."

"Najua ni lipi."

"Basi libadilishe. Kalamu hiyo hapo."

"Nikiahidi bomba moja, kesho nina mabomba mia nne mlangoni. Hujui presha iliyopo huku, Noreen."

"Najua harufu iliyopo kule."

Alinyanyuka akaenda dirishani. "Wewe ndiye uliyekuwa ukifuta maneno yangu ya hasira," alisema. "Leo unataka niyarudishe?"

Alisema kweli. Nilitoka. Yule bwana aliyetapika kando ya gurudumu, nilijiambia, akisimama mbele ya watu hataweza. Ulimi utamkatalia.

Alhamisi Dympna alipanda treni ya alfajiri kutoka Cork ili aje amsikilize. Hakuniambia, nilimwona tu kwenye viti vya wageni, koti la kanisani, mkoba magotini. Orlaith Crotty aliuliza. Malachy akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasoma. Ulimi haukukataa chochote. Alisoma kwa sauti ile nzuri ya kutulizia ng'ombe, taratibu, na alipofika mwisho akanyanyua macho kwa unyenyekevu, kama mtu aliyeshiriki msiba.

Hakuna aliyecheka. Nilipanda ngazi kwenda kumchukua Dympna.

Tulikutana na Malachy ukumbini, mimi na Dympna. Alimwona Dympna akapoa, kisha akaja mikono mbele.

"Dympna, mpenzi, ungesema unakuja—"

"Umesoma vizuri, Malachy," alimkatiza. Hakupandisha sauti. "Yule mwingine alikuwa anakwamakwama."

Akageuka akaniuliza choo kiko wapi, maana alikuwa na safari ndefu.

Niliacha kazi Ijumaa. Malachy hakunizuia, alinipa mkono na kunishukuru kwa utumishi, na nilipofika nyumbani niliuosha. Nilijichukia pia, nisidanganye. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeyafuta makali ya mtu yule mpaka akabaki laini.

Lakini yaliyosemwa Bungeni hayafichwi. Nilichapisha majibu yote, ya maswali yetu kumi na tisa, lile alilopewa marehemu na lile alilosoma Malachy mwenyewe, nikaziongeza barua za kampuni na za halmashauri, nikampelekea wakili wa mjini kwetu, Eilís Quirke. Alisoma kwa siku mbili. "Wamejifunga wenyewe," alisema. "Kila mmoja amekana kwa maandishi na kumtaja mwenzake. Twende mbele ya hakimu, tuwaweke benchi moja."

Machi waliwekwa benchi moja. Hakimu, mzee mkavu mwenye mafua, aliomba picha za bafu, akaziangalia zote, akazirudisha kifudifudi. Akamuuliza wakili wa kampuni kama bomba ni lao. Akamuuliza wa halmashauri. Akamuuliza wa Waziri. Kila mmoja alipomtupia mwenzake, hakimu alinyanyua karatasi moja kati ya zile zetu.

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita," alisema, "nimeona visu, nimeona walevi. Sijapata kuona kitu kichafu kama hizi karatasi." Akaamuru kampuni na halmashauri watengeneze pamoja, kabla ya Juni kuisha, na mama alazwe hotelini kwa gharama yao mpaka wamalize.

Walichimba, wakaweka bomba jipya, pampu, na mlango wa chuma wa kuzuia bahari. Siku ya kuwasha pampu, gari jeusi liliingia mtaani. Malachy alishuka na kofia ya plastiki ya mafundi na mpiga picha wake. Nilimsikia akimwambia mwandishi wa gazeti letu kwamba jambo hili lilikuwa moyoni mwake tangu mwanzo, na alivyolipigania. Sentensi ile ilikuwa na mpangilio wangu. Nilimfundisha mimi kuweka neno zito mwishoni. Aliniona akanipungia. Sikupunga.

Dympna hakutoka nje. Nilimkuta bafuni amepiga magoti, ameweka vigae viwili sakafuni, kimoja cheupe, kimoja kijani.

"Cheupe kinaonyesha uchafu," alisema.

"Basi weka kijani."

Nje watu walikuwa wanapiga makofi.

"Hapana," alisema. "Nataka niuone ukija."