Asizikwe Mtu Kimya

Lile kundi la simu Régine alilifungua kwa kazi moja tu: mwanakwaya asizikwe kimya. Kwaya yao ya parokia ilikuwa imetawanyika siku nyingi. Huyu yuko Mahagi, yule Niania, wengine walivuka ziwa wakati wa vita na hawakurudi tena Bunia. Lakini ahadi waliyopeana ujanani ilibaki palepale: ukifa, wenzako walio karibu watakuja kukuimbia wimbo wa kuaga, sauti zote nne, hata kama mvua inanyesha. Na kwa desturi yao mfiwa hahangaiki kupigia watu simu huku na huku. Anamwambia kiongozi neno moja, kiongozi anatangaza.

Kiongozi alikuwa Régine, na tuseme ukweli, cheo cha admin kilimpanda kichwani kidogo. Aliandika sheria kumi na mbili. Siasa hapana, biashara hapana, picha za maiti hapana. Sheria ya kumi ilisema anayesambaza uvumi atatolewa mwezi mzima, na mwezi huo admin hatasikiliza maombi yake, maana watu wakianza kuombeana msamaha hawamalizi.

Wa kwanza kunaswa na sheria ya kumi alikuwa Médard, besi wa kwaya tangu zamani. Asubuhi moja alituma kundini sauti ya mtu akipiga kelele kwamba njia ya Irumu imevamiwa, watu wakimbie. Kumbe sauti yenyewe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Kabla ya adhuhuri mama mmoja wa alto alikuwa ameshafika parokiani na watoto watano na godoro kichwani. Régine alimtoa Médard bila kumuuliza hata swali moja. Wanakwaya wakampongeza sana, naye akalala usingizi mtamu.

Mwezi huo Médard alimtumia ujumbe wa sauti mara tatu. Régine aliona jina, akacheka peke yake. Médard yule aliyeweza kubishia noti moja ya Gloria mpaka padri akafunga kanisa? Hakuufungua hata mmoja.

Siku moja alikuwa uani akichambua maharagwe, Christella akaingia. Huyu waliimba naye soprano kwa miaka ishirini, na alimwita yaya, yaani dada mkubwa. Hakungoja hata kupewa kiti.

"Yaya Régine, ulisikia habari ya Huguette? Amekufwa. Iko sasa juma mbili. Nimesikia leo tu, mu soko."

Huguette alikuwa mke wa Médard. Alikuwa pia kiwiko cha Régine, na hili linahitaji maelezo.

Régine alipoingia kwaya, sauti yake ilikuwa inapanda bila kuulizwa. Ikifika katikati ya wimbo tayari imeruka ukuta. Wengine walitaka atolewe. Marehemu Alphonse, aliyewafundisha, alikataa kabisa. Kwake mtu anayepotea hafukuzwi, anawekwa katikati ya wawili wanaojua njia. Akamweka Régine kati ya Christella na Huguette. Kila alipopanda, Huguette alimgusa kwa kiwiko upande wa kulia, naye akashuka. Miaka yote ile, Jumamosi baada ya Jumamosi, vumbi la uwanja likiingia madirishani na Médard akibisha kule nyuma, hakuna mtu aliyelisikia tena kosa la Régine ila kiwiko kile. Jamani, zilikuwa siku tamu zile!

"Nani alimuimbia?" Régine aliuliza.

"Hakuna mutu. Balimuzika kule kule Irumu. Siye hatukujua."

Régine alifuta mikono, akachukua simu. Aliufungua ujumbe wa kwanza.

"Mama Régine, Huguette iko mugonjwa sana huku Irumu. Ambia batu ba kwaya bamuombee."

Wa pili: "Régine, bibi yangu amekufwa leo asubui. Tunamuzika kesho saa ine. Tangaza, tafazali."

Wa tatu haukuwa na neno. Ilikuwa besi ya Médard peke yake, upepo ukivuma, ikiimba wimbo wa kuaga. Ilipofika zamu ya soprano alinyamaza. Akangoja mpaka zamu yao ipite, kana kwamba wapo, kisha akaendelea na sehemu yake. Christella alijifunika uso kwa kitenge. Régine alilia kwa sauti, mbele ya maharagwe yake.

Kabla ya kutoka alimrudisha Médard kundini na kuandika tangazo la msiba, siku kumi na nne baada ya maziko. Halafu yeye na Christella wakaenda kumpa pole.

Médard, aliyekuwa amerudi Bunia, walimkuta amekaa mkekani mbele ya nyumba yake. Aliwapa mkono kama kawaida.

"Papa Médard, nilifwata sheria," Régine alisema, kisha akaona aibu. "Hapana. Sikukusikiliza tu. Unisamehe."

"Ile sauti ya njia, shemeji alinitumia," Médard alisema. "Niliogopa. Huguette alikuwa mu njia ile, anaenda ku shamba. Ungeniuliza, ningekwambia."

Régine akakaa naye mkekani. Baadaye aliomba waimbe.

"Siye batatu tu?" Médard aliuliza.

"Siye batatu."

Walisimama. Christella akawa kushoto kwa Régine, na kulia hapakuwa na mtu. Médard alianza chini, polepole, wao wakaingia kwenye zamu yao. Katika ubeti wa pili sauti ya Régine ikapanda, kama ilivyopanda siku zote, na mwili wake wenyewe ukaegemea kulia kungoja.

Médard aliacha besi yake, akasogea upande ule, akamgusa kwa kiwiko.

"Shuka kidogo," alisema. "Ndo vile alikuwa anakufanyaka."

Régine akashuka.