Kidole cha Bartholomew

Hakuna mtu kijijini Katelembo aliyempenda Bartholomew, na yeye alilijua hilo na hakujali hata kidogo. Ili upendwe lazima uzungumze na majirani, na majirani hawakuwa na mazungumzo mengine zaidi ya mvua iliyokataa kunyesha na ng'ombe wa fulani aliyeingia shamba la fulani, ilhali ndani kwake mlikuwa na vitabu ambavyo hajavimaliza. Ukimkuta barazani anasoma ukamwamkua, hakuitikia. Aliinua kidole cha shahada, macho yake yakiwa palepale kwenye ukurasa, nawe ukabaki na salamu yako mdomoni mpaka afike mwisho wa aya, kama atapenda kufika. Wengi hawakungoja. Walikwenda zao wakimsengenya, na walikuwa na haki.

Mkewe Kamanthe hakuwa na pa kwenda. Alikingoja kidole hicho zaidi ya miaka arobaini, mtoto akiwa mgongoni, debe la maji likiwa kichwani, sufuria ikiungua jikoni. Wakati mwingine kidole kilishuka upesi. Wakati mwingine kilisahaulika huko juu, na Kamanthe akarudi jikoni na neno lake bila kulisema.

Ugonjwa huo wa kusoma ulianza na njugu. Bartholomew akiwa kijana wa shule kule Ekalakala alinunua njugu sokoni, akazila, akakunjua karatasi zilimofungwa ili alambe chumvi, akaona maandishi. Lilikuwa jani la riwaya. Ndanu, mwanamke aliyeachwa na mumewe akiwa na mimba, mume akaenda kufanya kazi ya reli, akakaa huko hadi akaota mvi, sasa amerudi. Amesimama nje, anabisha hodi. Ndanu anainuka pale jikoni, anakwenda hadi mlangoni, analishika komeo. Hapo karatasi ikaisha.

Alirudi mbio kwa muuza njugu. Kitabu kilikuwepo bado kwenye kapu, lakini muuza njugu alikuwa akikirarua kuanzia nyuma, na majani yote ya mwisho yalikuwa yamekwenda na njugu za watu wengine. Bartholomew akachukua kilichobaki. Akakisoma usiku na mchana, akakirudia mpaka akakijua kwa moyo, tangu harusi ya Ndanu mpaka lile komeo. Je, alifungua au hakufungua? Swali hilo lilimkalia rohoni kama mfupa wa samaki kooni.

Tangu siku hiyo hakusoma kitabu ila alikuwa akikitafuta kile. Alipopata kazi ya mizani katika kiwanda kimoja huko Athi River, mapumziko yake yote aliyamalizia kwenye vibanda vya vitabu vikuukuu. Hakukipata, lakini alipata vingine, akavisoma, akavileta nyumbani kwa magunia. Vilipojaa sebuleni vikahamia chumba cha binti yao Linet, na Linet akahamia sebuleni. Mwanzoni mwa ndoa Kamanthe aliwahi kumwomba amwazime kimoja. Bartholomew alimtazama, mwanamke wa darasa la saba, akamwambia hivyo ni vigumu kwake, akampa kalenda ya kanisa. Kamanthe akaipokea kalenda, akaitundika ukutani, na hakuomba tena.

Presha ya macho haibishi hodi. Ilimla Bartholomew kidogokidogo akidhani ni miwani tu imechakaa, na alipofika hospitalini akaambiwa kilichokwenda hakirudi. Akawa anaona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na ndipo, kana kwamba kuna aliyekaa mahali akimfanyia mzaha, alikiona. Kilikuwa kimelala juu ya gunia pale Machakos mjini, kati ya vitabu vya hesabu na Biblia zisizo na jalada: riwaya ya Ndanu, nzima, pamoja na mwisho wake.

Hapo mtu mwenye akili angefungua ukurasa wa mwisho akasoma. Alikuwa na macho ya kutosha kwa hilo. Lakini Bartholomew alikuwa na sheria zake, na mojawapo ilisema kwamba kuruka hadi mwisho ni wizi. Akaanza ukurasa wa kwanza, akitambaa neno kwa neno na bomba lake lile. Alikuwa katikati ya kitabu, mbaazi zikitoa maua, macho yalipofunga kabisa. Kitabu kikabaki mapajani mwake, mlango wa Ndanu ukiwa ndani yake, naye hawezi hata kujua amekishika juu chini.

Linet alikuja kutoka Syokimau na simu mpya yenye sauti ya kusoma. Sauti hiyo ilisoma Kiswahili kama mtu aliyeng'atwa na nyuki ulimini. Bartholomew akasikiliza mistari miwili akamwambia aitupe chooni.

"Sasa Baba, mimi nifanye nini?" Linet akasema. "Niko kazi Jumatatu mpaka Jumamosi."

"Kama ungependa vitabu ulipokuwa mdogo, leo ningekuwa na mtu."

Linet alicheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Vitabu ndio vilinitoa kwa chumba yangu, Baba. Ningevipenda aje?"

Akaondoka siku hiyohiyo. Baada yake akaja kusoma Onesmus, katekista, mtu mwenye moyo safi na kiherehere kingi. Onesmus alisoma kurasa mbili, akaruka wa tatu kwa sababu mlikuwa na mambo ya chumbani, kisha akaweka kitabu chini aeleze jinsi Ndanu alivyopaswa kusali. Bartholomew akamwuliza kama ameajiriwa na mwandishi au na Papa. Onesmus naye akaona aibu, akaaga, na hakuonekana tena kwenye lango lile.

Akabaki Kamanthe. Ilimchukua Bartholomew msimu mzima kulitoa kinywani neno la kumwita, na lilipotoka halikutoka kama ombi.

"Njoo unisomee," alimwambia alasiri moja. Kamanthe alikuwa barazani akipepeta ndengu. Sauti ya ungo ikakoma.

"Si ulisema ni ngumu kwangu?"

"Nitakusaidia."

Akamsikia akikung'uta mikono kwenye leso, akivuta kigoda. Akaanza kusoma, taratibu, akipapasa maneno. Na Bartholomew, badala ya kushukuru, akaanza kusahihisha. Hapo umemeza herufi. Hapo kuna nukta, pumzika. Rudia. Si hivyo, rudia tena. Kamanthe alirudia. Alasiri iliyofuata alirudi kwenye kigoda bila kuitwa, na iliyofuata pia. Bartholomew hakujiuliza kwa nini. Alikuwa na Ndanu kichwani, na kichwa chake hakijawahi kuwa na nafasi ya wanawake wawili.

Walifika mahali mama yake Ndanu anafariki, mume yuko mbali relini, na Ndanu hana wa kumwambia. Kamanthe akaacha kusoma.

"Endelea."

"Unakumbuka siku mwaitu alikufa?" akauliza. Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake daima, kwa Kikamba, hata akiongea Kiswahili.

"Kamanthe, tuko katikati ya sura."

"Mtu alitumwa kutoka kwetu Masinga. Akaniambia huko kwa lango, mimi nikakuja mbio. Ulikuwa umekaa hapo unasoma. Nikasema, Baba Linet. Ukainua kidole."

Bartholomew aliitafuta kichwani. Siku hiyo hakuikumbuka, na hilo lilimtia hofu kidogo, kwa sababu kitabu alichokuwa akisoma wakati ule angeweza kukitaja.

"Nikangoja," Kamanthe akaendelea. "Nilifikiria ni kidogo tu. Ukafungua ukurasa ingine, kidole bado iko juu. Nikangoja na hiyo pia. Mwaitu amekufa, na mimi nimesimama kama mtu amekuja kuomba chumvi. Nikaenda nikalilia kwa zizi la mbuzi."

"Ningejua ni kifo ningekishusha."

"Ungejua aje na hukuniangalia? Mwenye macho haambiwi tazama. Na hiyo siku ulikuwa nayo."

Hapo Bartholomew alipewa nafasi, na hata kipofu angeiona. Kuku walikuwa wakichakura chini ya mpapai, hakuna aliyekuwa na haraka. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini alikuwa amekaribia mlango wa Ndanu kuliko alivyowahi kuukaribia maishani, na kilichomtoka ni hiki:

"Hayo ni mambo ya zamani. Soma."

Akasikia kitabu kikifungwa. Hakikupigwa kwa hasira, kilifungwa polepole, kama mtu anayefunika chungu. Kisha nyayo zikaenda.

Baada ya hapo nyumba ile ikawa baridi kuliko gereza. Chakula kililetwa, sahani ikagongwa mezani, sauti ikasema, "Muthokoi iko mbele yako," ikaondoka. Maji ya kuoga yaliletwa. Shati lilifuliwa. Kamanthe hakumpunguzia haki yake hata moja, isipokuwa ile aliyoitaka. Bartholomew akapapasa meza, rafu, mito ya viti, kila mahali alipozoea kuweka kitabu, akakikosa. Alimfokea, akamwita mkatili. Akamwambia mwanamke hawezi kumnyima kipofu macho yake. Kamanthe akamjibu kwamba macho ni yake yeye, na ana kazi nayo. Kwa mara ya kwanza Bartholomew alimchukia mkewe kwa moyo wote, na akashangaa chuki hiyo inavyochosha.

Kisha alasiri moja, akiwa kwenye kiti chake barazani, alisikia karatasi.

Sauti hiyo hakuna aliyeijua kama yeye. Jani liliinuliwa, likapinduliwa, likalala juu ya mwenzake. Ilitoka upande wa pili wa baraza, penye kigoda. Amelegea, akawaza, anatafuta tulipoachia. Akakaa wima, akajiweka tayari, akasafisha koo.

Hakuna aliyesoma kwa sauti. Karatasi ikapinduka tena.

Akasikiliza vizuri. Hakukuwa na kunong'ona, wala kucha inayokwaruza chini ya mstari kama wanavyofanya wasiojua kusoma vizuri. Pumzi ya Kamanthe ilikuwa nzito na ya taratibu, pumzi ya mtu ambaye hayuko hapo alipo. Kurasa zilikwenda upesi. Kumbe alikuwa akiweza. Huenda alikuwa akiweza tangu siku ya kalenda, na kule kupapasa maneno kulitokana na kusimamiwa tu, maana nani asingebabaika na bwana yule pembeni? Jambo hilo lilimchoma, lakini lililofuata lilimchoma zaidi. Majani ya mwisho ya kitabu yana sauti yake, nyepesi, kwa kuwa upande wa kulia hakujabaki kitu. Kamanthe alikuwa amefika huko.

"Kamanthe," akaita.

Jani likainuliwa.

"Umefika wapi?"

Karatasi ikapinduka.

"Mume wa Ndanu amerudi? Amebisha?"

Mbuzi akalia zizini. Bartholomew akasogea mbele ya kiti chake, mikono ikitafuta hewani kitu cha kushika. Alikuwa mzee sasa, na lile swali alilichukua akiwa na njugu kinywani. Watu wote waliojua jibu walikuwa wageni, wamekwenda na karatasi zao. Leo jibu lilikuwa hatua chache kutoka alipokaa, mapajani mwa mtu aliyekula naye meza moja zaidi ya miaka arobaini.

"Tafadhali," akasema. Neno hilo lilitoka na kutu. Akangoja, akaona halikutosha, akaongeza. "Ile siku ya mama yako nilikosa. Kosa ni langu, si lako. Nisamehe, Mama Linet. Niambie tu kama anamfungulia."

Alidhani amesikia pumzi ya Kamanthe ikisita. Labda ilisita kwa ajili yake, labda kwa ajili ya Ndanu. Mtu asiye na macho hawezi kujua mambo hayo.

"Mbona hunijibu?" Sauti yake ilikuwa na hasira, na kilio pia. "Nimekuomba msamaha. Mtu akikuita, unamjibu."

"Nimekujibu," akasema Kamanthe, kwa sauti iliyotoka mbali kabisa, isiyo na ugomvi. "Nimeinua kidole."

Bartholomew aligeuza uso wake upande ule, akangoja. Akasikia karatasi ikipinduka, na baada ya muda, nyingine.