Msaragambo wa Ugenini

Siku Beatha alipopanda kijijini kwao Vudee kumwambia mama yake kwamba anawapeleka watoto Uchina, alimkuta uani akipepeta maharage. Mama Eliakunda hakusimamisha ungo.

"Uchina hii ya kwenye runinga?"

"Hiyo hiyo, Mama. Wilbard ametualika. Wiki tatu tu, likizo ya Juni."

Wilbard alikuwa kitindamimba wa nyumba ile. Mwaka wa pili huo alikuwa mjini Kunming akisomea kilimo cha umwagiliaji, na rafiki yake wa darasani, kijana aitwaye Bai, alikuwa ameahidi kuwapokea kijijini kwao milimani. Mama Eliakunda alisikiliza yote hayo, akapuliza makapi.

"Haya, nenda nao," alisema. "Ila wasiende kuwakodolea watu macho. Huko nako ni kwa watu."

Beatha alijua neno hilo limetoka wapi. Mwaka juzi wageni fulani walipita Vudee na kamera zao, wakampiga picha mama yake akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, wakaenda zao bila hata kumsalimu. Mama hakuwahi kulilalamikia jambo hilo, ila hakulisahau.

Basi Beatha, mwalimu wa Jiografia mjini Same, akaiandaa safari ile kama anavyoandaa somo. Kwa miezi miwili, kila baada ya chakula cha jioni, binti zake, Raheli wa miaka kumi na miwili na Sifael wa minane, walikaa mbele ya simu wakirudia salamu za Kichina alizowarekodia mjomba wao. Sifael aliimba kila neno kama pambio, na kumbe ndivyo lugha ile inavyotaka. Masharti ya mama yao yalikuwa mafupi: salamu kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa. Chakula ukipewa, onja kabla ya kukunja uso. Uchafu wako unarudi nao.

Kijiji cha kina Bai kilikuwa cha Wahani, watu wa milimani kusini mwa nchi ile. Walifika adhuhuri wakiwa hoi kwa kona za barabara. Sifael ndiye aliyekuwa wa kwanza kushuka garini, akasimama ameduwaa. Mlima mzima ulikuwa umekatwa matuta kama ngazi, mamia kwa mamia, kila tuta limejaa maji na mpunga mchanga.

"Mama! Wamelima mpaka ukingoni kabisa! Kama kwa Bibi, ila hawa wametia maji!"

Kesho yake walikwenda sokoni, na huko ndiko Beatha alikokutana na jambo ambalo hakuliandalia somo. Yeye alikuwa amewafundisha watoto wasiwashangae watu. Hakufikiria kwamba watakaokodolewa macho ni wao. Watu waliwazunguka wakicheka kwa furaha, simu zikainuliwa, na mwanamke mmoja muuza tofu akanyoosha mkono akashika misuko ya Sifael, akaibinyabinya kama anayepima uzi. Sifael akajificha nyuma ya sketi ya mama yake, machozi yakimlengalenga.

Damu ilimchemka Beatha. Alifungua kinywa ili amwambie Wilbard atafsiri maneno makali, lakini Raheli alikuwa amekwisha kusonga mbele. Aliinama kidogo mbele ya yule mama, akamsalimia kwa Kichina, taratibu, neno kwa neno. Kisha akaonyesha nywele za mdogo wake, akatikisa kichwa, akasema sentensi nyingine fupi.

"Amesemaje?" Beatha alimnong'oneza Wilbard.

"Amesema, 'Tafadhali, muulize kwanza.'" Wilbard alikuwa akitabasamu hadi masikioni. "Wala sikumfundisha mimi hiyo. Kaitafuta mwenyewe."

Muuza tofu akashika mdomo kwa aibu. Akachuchumaa hadi akalingana na Sifael, akajitaja jina, akauliza. Sifael akafikiri. Akakubali, ila kwa sharti: na yeye aguse kilemba cheusi cha yule mama, kilichoning'inizwa vishada vya fedha. Soko zima likacheka, safari hii na Sifael naye akicheka. Beatha alibaki amesimama hapo, maneno yake makali yakimyeyukia mdomoni, akimtazama binti yake mkubwa kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Siku ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilipokatika, karibu saa nne asubuhi, sauti ya mtu ilisikika ikiita kutoka mtaa wa juu, na watu wakaanza kutoka majumbani na majembe. Wilbard aliingia nyumbani kwa kina Bai, walikofikia, amevaa mabuti.

"Mfereji mkuu umebomoka huko juu, dada. Mama yake Bai anasema ninyi wageni mbaki mnywe chai."

Beatha aliweka kikombe chini. Alikuwa amekua akisikia wito wa namna hiyo. Kwao Upareni kazi ya kijiji kizima huitwa msaragambo, na mfereji au ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, likipasuka, hakuna anayebaki ndani akinywa chai.

"Mwambie tunashukuru," alisema, "na muulize kama ana jembe la ziada."

Mama Bai alisitasita, kisha akacheka, akamletea jembe na mabuti ya mwanawe.

Huko juu, Beatha aliwaweka watoto mahali imara, mbali na ukingo, kwenye mstari wa wanawake waliokuwa wakipokezana mawe. Yeye akashuka mferejini. Hakuna aliyehitaji kumwelekeza. Aliweka jiwe kichwa kikielekea ndani, akajaza udongo mfinyanzi, akashindilia kwa kisigino, akachukua jingine. Mvuke ulipanda kutoka kwenye matuta, na kwa saa tatu hakukuwa na mgeni wala mwenyeji, ila mikono tu. Mzee Li, msimamizi wa maji wa kijiji, alikuja akasimama juu yake, akaiangalia kazi, akasema jambo.

"Anasema," Wilbard alitafsiri, "huyu hakufundishwa leo."

Maji yaliporudi, mzee aliwachukua wote hadi mahali mfereji unapogawanyika. Gogo gumu lilikuwa limelazwa kukatiza maji, nalo limechongwa mianya, mmoja mpana, mwingine mwembamba, kila mmoja ukipeleka maji upande wake.

"Nani anaamua upana?" Raheli aliuliza kupitia kwa mjomba wake.

Wanakijiji wote, mzee alijibu, kwa ukubwa wa mashamba; yeye kazi yake ni kulinda tu asije mtu akauchokonoa mwanya wake.

"Kwetu tunagawana kwa zamu," Raheli akasema. Akaokota kijiti, akachuchumaa, akachora kwenye tope ndiva ya kwa bibi yake: ukuta wa mawe, tundu la kutolea maji, mfereji unaoteremka, na migomba. Alieleza jinsi maji yanavyokusanywa na jinsi kila nyumba inavyojua siku yake. Watu walisogea kutazama. Mzee Li aliuliza maswali mengi, mwisho akauliza kuna mlima gani Afrika wenye mambo hayo.

Raheli alisimama, akajifuta tope magotini. "Milima ya Pare," alimwambia mzee mwenyewe, bila kusubiri mjomba wake amtafsirie.

Mzee akalirudia jina hilo mara mbili, akilijaribu mdomoni, huku watu wa nyuma wakilipokea na kulipitisha.

Jioni, wakiwa wamekaa jikoni na bakuli za supu ya tangawizi, alimpigia mama yake. Vudee ilikuwa bado mchana.

"Wamekula?" lilikuwa swali la kwanza.

"Wamekula, Mama. Na leo wamekwenda msaragambo."

"Msaragambo wa nini?"

"Wa mfereji. Umebomoka, tumeujenga. Raheli amewaeleza wazee wa huku habari za ndiva yetu, wakamsikiliza na kumuuliza maswali."

Kisha Beatha akasikia mama yake akiisogeza simu mbali na sikio na kumwita jirani ng'ambo ya ua, kwa Chasu, lugha yao ya Kipare, na kwa sauti kubwa ambayo hakuwa ameisikia miaka mingi, akimtaka aache kila alichokuwa akifanya, aje asikie walichofanya wajukuu zake huko Uchina.